Kidole Kimoja Hakivunji Chawa



Sisi walimu wakimbizi wa Kampala tunaishukuru kamati ya kambi kwa kutualika katika kumbukumbu hii. Kwanza tuwakumbuke wenzetu waliotutoka siku za Korona.

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Aprili 2020 ninyi wa kambini mlipunguziwa chakula kwa asilimia 30. Sisi wa mjini hatukuwa na mgao wa kupunguzwa. Tulikula kilichopatikana siku ile. Fundi cherehani, mama wa vitenge, mwalimu wa shule binafsi, wote tulikaa mikono mitupu, na mwenye nyumba akabisha hodi.

Likilimba tulikuwa nazo, lakini kila kabila na yake. Orodha ya kwanza ya wenye njaa tuliiandika hivyo hivyo, majina ya kwetu tu. Tunakiri leo bila kuficha. Kisha posho ya msaada ilipita mtaani, ikairuka milango yetu mingi. Jirani yetu, mjane wa Kiganda, aliipata, akaigawa nusu kwa nusu na watoto wetu. Tuliona haya. Tukaichana orodha ile, tukaandika nyingine kwa nyumba, si kwa kabila. Kila nyumba yenye chochote ilitoa kikombe kimoja cha unga. Penye mgonjwa tuliacha maji na sabuni mlangoni. Daftari alishika mama mmoja, kwa kuwa ndiye aliyejua nani hajapika, nasi wanaume tukajifunza kumsikiliza.

Jambo hili si geni Kampala. Waganda wana munno mukabi, yaani rafiki wakati wa shida. Na mwaka 1987, watu walipokuwa wakiwakimbia wagonjwa wa UKIMWI, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, wenye msiba mmoja wasaidiane.

Ndugu zetu, ugonjwa ulipopungua, na kikombe kilipungua. Sasa wengine wanataka kila mtu arudi kwenye kabila lake. Tunawasihi, tusingoje gonjwa jingine. Daftari liendelee, lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na jirani mwenyeji awemo. Kidole kimoja hakivunji chawa.