Pete Mbele ya Ukuta: Tabia ya Polima Zisizo na Ncha



Mwaka 1963 mwanasayansi John Cairns alionyesha kwa picha kwamba DNA ya bakteria E. coli ni pete. Ukiikata na kuinyoosha inafika milimita moja na nusu hivi, nayo hukaa ndani ya seli yenye urefu wa mikromita mbili tu. Pete hiyo haijui maisha yasiyo na kuta. Je, inapokaribia ukuta hutofautianaje na mnyororo wa kawaida wenye ncha mbili?

Polima, yaani molekuli ndefu ya vipande vilivyoungana kama hiyo DNA, ikiwa kwenye myeyusho hujikunja na kujikunjua bila kukoma. Ukuta hauhitaji kuisukuma. Unafuta tu maumbo ambayo yangepenya ndani yake, na molekuli iliyopoteza maumbo imepoteza entropia, yaani kipimo cha wingi wa maumbo inayoweza kuchukua. Ndiyo maana kandokando ya ukuta usiovuta hubaki ukanda wenye polima chache.

Tuchukue polima ya kinadharia, ambayo vipande vyake havizuiani. Pete na mnyororo vikiwa na uzito sawa, ukubwa wa pete, tukiupima kwa mtawanyiko wa vipande kutoka katikati, ni asilimia 71 ya ule wa mnyororo. Ungedhani ukanda mtupu nao utapungua kwa kiasi hichohicho. La hasha! Hesabu ya mwendo nasibu, inayochukua umbo la polima kama njia ya hatua zisizopangwa, inatoa robo ya pai, yaani asilimia 79 hivi. Ukilinganisha na ukubwa wake, basi, pete hukaa mbali zaidi na ukuta. Jibu hili halidai kompyuta. Penseli inatosha, na mimi bado hulifurahia.

Sababu ni ncha. Kipande cha katikati kikiukaribia ukuta, pande zote mbili za mnyororo zinazotoka kwake lazima zigeuke. Ncha ina upande mmoja tu wa kugeuza, hivyo husogea kwa gharama ndogo. Pete haina upenyo huo: kila kipande chake ni cha katikati.

Ukuta unaovuta kidogo hugeuza mambo. Katika kromatografia, myeyusho hupitishwa kwenye mrija uliojaa chembe zenye vitundu. Kuna hali ambapo mvuto wa kuta na hasara ya entropia hufutana, na minyororo mirefu kwa mifupi hutoka pamoja. Pete huchelewa. Mwendo unaolazimika kurudi ulipoanzia hupata nafasi maradufu ya kufanikiwa ukianzia kwenye ukuta wa namna hiyo. Wanakemia hutumia ucheleweshaji huu kusafisha sampuli, na si anasa: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature Materials ulionyesha kuwa minyororo michache tu iliyosalia ndani ya pete hubadilisha kabisa vipimo vya mnato na ulegevu wake. Mimi siamini takwimu za pete ambazo hazikupitia usafishaji huo.

Wanafunzi wa fizikia, msidhani haya ni ya mbali. Vimelea vya malale, vinavyoenezwa na mbung'o wa nchi zetu, hubeba maelfu ya pete ndogo za DNA zilizofungamana kama wavu ndani ya mitokondria moja. Wanabiolojia wamezichunguza kwa miaka mingi. Nendeni mkafanye nao kazi, na hesabu zenu mkononi.