Miwani Ijaribiwe Usoni Kabla ya Pesa Kutoka Mfukoni

Vifaa vya snokeli kwa kawaida ni vitatu: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Familia yenye watoto huongeza cha nne, jaketi okozi, na hicho cha nne ndicho kinachopaswa kutangulia kwenye hesabu. Wiki nzima mjadala wa likizo ya Desemba umekuwa wa ada za kuingia hifadhi za bahari, nauli ya treni ya Mombasa na bei za vyumba. Hayo wasikilizaji wameshayasikia. Lililokosa msemaji ni vifaa anavyovalishwa mtoto akishafikishwa kwenye hifadhi za Watamu au Kisite, na kigezo kilichotumiwa kuvinunua. Hilo ndilo linalokitia wasiwasi kituo hiki.

Bei nafuu si kosa. Familia ya watu watano haiwezi kutakiwa kununua vifaa vya wapiga mbizi wa kazi, wala haina haja navyo. Snokeli hufanyika juu ya maji, mara nyingi kwenye maji matulivu yaliyo ndani ya mwamba, na vifaa vya kawaida vinatosha kabisa. Kosa ni kifaa cha kuchezea kuuzwa kama kifaa cha kupumulia. Pakiti za plastiki huning'inizwa milangoni mwa maduka msimu wa likizo ukikaribia, miwani na mrija pamoja, hazina saizi wala alama ya kiwango, na muuzaji hakubali zifunguliwe. Mzazi anaambiwa alipe kwanza, ajaribu baadaye, na baadaye hiyo humkuta mtoto tayari yuko majini. Miwani ijaribiwe usoni kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Miwani ndiyo kiini cha vifaa vyote. Jicho la binadamu likigusana na maji huona ukungu mtupu. Likiwekewa nafasi ya hewa mbele yake, huona. Hata hivyo kupita kwa mwanga kutoka majini hadi hewani hufanya vitu vionekane vikubwa kwa takriban theluthi moja na karibu zaidi kwa robo. Jambo hili lina uzito kwa mzazi: mtoto anayetazama chini huona sakafu ya bahari iko karibu kuliko ilivyo, akadhani atasimama, na miguu isifike.

Miwani inayofaa huifunika pua pamoja na macho. Ile ya kuogelea kwenye bwawa, inayoziba macho peke yake, haifai hata kwa mtu anayeshuka kidogo tu, kwa kuwa shinikizo la maji huongezeka kadiri mtu anavyokwenda chini na hewa iliyobanwa machoni haina pa kusawazishwa. Pua ikiwa ndani ya miwani, pumzi ndogo ya puani hurudisha usawa.

Ukingo unaogusa ngozi uwe wa silikoni laini. Plastiki ngumu ni rahisi kwa bei, lakini haifuati umbo la uso, hukakamaa kwa jua na hupitisha maji. Kioo kiwe kilichokazwa kwa moto, ambacho kwa kawaida huchapwa neno TEMPERED au herufi T pembeni. Kioo cha namna hiyo kikivunjika humeguka vipande vidogo butu, hakiachi ncha karibu na jicho. Miwani isiyo na alama hiyo, au yenye plastiki mahali pa kioo, irudishwe rafuni hata kama rangi yake inampendeza mtoto.

Jaribio lenyewe halina gharama na halichukui hata dakika moja. Nywele husogezwa nyuma, miwani huwekwa usoni bila kuvuta ukanda, mvaaji huvuta pumzi kidogo kwa pua, kisha mkono huachiwa. Miwani ikibaki imeshika, inafaa. Ikianguka, haifai, na hakuna ukanda utakaoirekebisha. Kukaza ukanda hadi uso uwe mwekundu huzidisha uvujaji, kwa sababu ukingo hupinda. Mtoto ajaribu pia huku akitabasamu, maana atacheka akiona samaki, na mikunjo ya shavu hufungulia maji njia. Mwanamume mwenye masharubu mazito atapata uvujaji kidogo chini ya pua. Mwanamke anayeogelea kwa hijabu ahakikishe kitambaa hakiingii chini ya ukingo hata kwa upana wa uzi. Anayevaa miwani ya macho asijidanganye kwamba ataipenyeza ndani, kwa kuwa mikono ya miwani hiyo huinua ukingo. Zipo miwani za kuzamia zenye lenzi za kurekebisha macho, na kwa asiyeona mbali hiyo ni gharama inayostahili.

Uso wa mtoto wa miaka 7 si uso wa mtu mzima uliopunguzwa. Daraja la pua ni fupi na mashavu ni madogo, hivyo miwani ya mama haitamkaa. Boti nyingi hubeba saizi moja, ya watu wazima, na mtoto hupewa hiyohiyo na kuambiwa ajikaze. Maji yakishaingia puani mara mbili, mtoto hataki tena bahari, na safari iliyowekewa akiba mwaka mzima inaishia kwenye kilio. Ndiyo maana miwani ya mtoto inunuliwe nyumbani, ijaribiwe nyumbani, isafirishwe kwenye begi. Ijaribiwe usoni.

Mrija una hesabu yake, na hapa bei ndogo inaweza kuwa hatari. Kila pumzi inayotoka huacha mabaki ya hewa iliyotumika ndani ya mrija, na hayo ndiyo huvutwa kwanza kwenye pumzi inayofuata. Kiwango cha Ulaya cha mirija, EN 1972, huweka urefu usiozidi sentimita 38, na ujazo wa ndani usiozidi mililita 230 kwa mtu mzima na mililita 150 kwa mwenye kimo kisichofika sentimita 150. Mipaka hiyo haikuwekwa bure. Mtoto mwenye kilo 20 akiwa ametulia huvuta takriban mililita 140 hadi 200 kwa pumzi moja. Akipewa mrija mpana wa baba, karibu pumzi yake yote itakuwa ni hewa ileile aliyoitoa. Mrija wa mtoto uwe mfupi na mwembamba kiasi, na mdomo wake uwe mdogo, wa silikoni, usiomlazimisha kutanua taya.

Mirija yenye boya dogo juu, linaloziba wimbi likipita, hupendwa na wanunuzi. Hufanya kazi, ila boya likikwama hewa hukatika ghafla, na mtoto asiyefundishwa huingiwa na hofu. Mrija wa kawaida wenye vali ya kutolea maji chini ni nafuu na unatosha. Ukaguzi wake ni rahisi: kiganja huziba sehemu ya juu, mtu huvuta hewa kwa mdomo. Hewa ikipenya, vali inavuja.

Miwani ya uso mzima, inayofunika macho, pua na mdomo kwa pamoja, ilianza kuenea baada ya kampuni ya Decathlon ya Ufaransa kutoa ya kwake mwaka 2014. Tangu hapo zimefuata nakala nyingi za bei ya chini. Iliyotengenezwa vizuri hutenganisha hewa inayoingia na inayotoka kwa vali. Baadhi ya nakala hazifanyi hivyo ipasavyo, na hewa chafu hubaki mbele ya uso. Miwani hii haitemwi kama mdomo wa mrija. Mtu akikosa hewa lazima aivue yote, na mikono midogo yenye hofu haiwezi kufungua mikanda haraka. Kituo hiki kinasema wazi: mtoto asivalishwe. Mzee mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo naye awe mwangalifu, na si kwa miwani hii pekee. Utafiti wa usalama wa snokeli uliofanywa Hawaii unaeleza kwamba ugumu wa kuvuta hewa kupitia kifaa chenye njia nyembamba unaweza kuchangia maji ya mwili kujaa mapafuni, hata kwa mtu anayejua kuogelea. Babu anayehema sana baada ya kupanda ngazi abaki kwenye boti yenye sakafu ya kioo, awaone samaki kutoka juu.

Mapezi yanaweza kusubiri. Ndani ya mwamba, maji yakiwa ya kifuani, mtoto hufika kila anapotaka kwa miguu yake, na mapezi marefu miguuni mwa wasiozoea huvunja matumbawe kwa urahisi. Yakihitajika, ya kukodi yanatosha, mradi yasibane vidole wala kuchubua kisigino. Viatu vya plastiki vya kawaida, vile vinavyoitwa sandak, hulinda nyayo dhidi ya miiba wakati wa kutembea kwenye mchanga na mawe ya pwani, lakini havitoi ruhusa ya kukanyaga tumbawe hai. Fulana ya mikono mirefu hulinda mgongo kuliko mafuta ya jua, hailipiwi kila mwaka na haiachi kemikali majini. Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa mafuta yenye oksibenzoni kuanzia mwaka 2021 kwa ajili ya matumbawe, na fulana haimo kwenye marufuku hiyo.

Jaketi okozi ndipo penye neno zito. Liwe la saizi ya mtoto kwa kilo zake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, maana jaketi kubwa humpanda mtoto hadi masikioni na kumwacha chini. Boya la tairi la kukodi ufukweni si jaketi. Mabawa ya mikononi ya plastiki si jaketi. Jaketi la baba lililofungwa kwa kamba kwenye mwili wa mtoto si jaketi.

Kwa mfuko mdogo, mgawanyo wa busara ni huu: kinachogusa uso na mdomo kinunuliwe, kingine kikodiwe. Midomo ya mirija ya kukodi hupita kinywani mwa watu wengi, na kuisuuza kwa maji ya bahari si kuiosha. Mitumba nayo isidharauliwe. Miwani ya silikoni iliyotumika, yenye kioo kisicho na mikwaruzo na ukingo usiopasuka, ni bora kuliko mpya ya plastiki. Ikigeuka njano kidogo bado ni nzima. Ikinata vidoleni, imekwisha.

Kioo kipya huwa na utando wa kiwandani unaoleta ukungu; hupakwa dawa ya meno, ikasuguliwa kwa kidole na kusuuzwa. Kabla ya kuingia majini, mate kidogo ndani ya kioo hutosha. Baada ya safari, vifaa vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na vikauke kivulini. Miwani inayotunzwa hivyo hutumika miaka mingi, humtoka kaka na kumfaa mdogo wake, na hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo.

Bahari yenyewe ina ratiba. Desemba ni kaskazi, maji ya pwani huwa safi na matulivu kuliko majira ya kusi, lakini siku za bamvua mikondo kwenye mipasuko ya mwamba hukaza maji yanapokupwa. Nahodha wa kisiwa cha Wasini au wa Watamu anajua saa zake, naye aulizwe.

Wauzaji wafungue pakiti. Anayekataa miwani ijaribiwe anajua anachouza. Wanaotoza ada kwenye lango la hifadhi waangalie na kilicho ndani ya boti, kwa kuwa mtalii mdogo wa Nairobi, Arusha au Kampala amelipa kama wengine na anastahili miwani inayomkaa. Wazazi, msione haya kuuliza. Msione haya kurudisha. Ombeni jaketi la mtoto kabla ya injini kuwashwa, livalishwe na kufungwa mbele yenu, na boti isiyo nalo msiipande.