Amri ya Malezi na Barabara ya Kolwezi



Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière huku Katanga ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Posho, shule na matibabu vikaandamana na jina la baba. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi yake, ikaurithi utaratibu huo. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 walianza kuachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi zikayumba. Leo baba anachimba Kolwezi, mama anauza sokoni Kikula, mjini Likasi, na kati yao kuna kilomita zipatazo 180. Wakiachana, mtoto ndiye anayeipima barabara hiyo.

Mbele ya baraza la familia, hoja ya kwanza huwa ukoo. Walamba humhesabu mtoto upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Waluba wa Katanga humhesabu upande wa baba, na baba husema: mahari nililipa, mtoto ni wangu. Nawaheshimu wazee wetu, lakini swali la mtoto ni wa nani linamhusu anayemdai, halimhusu mtoto. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka maslahi yake yatangulie, na mwenye umri wa kupambanua mambo asikilizwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema kuonana na wazazi wote wawili ni haki ya mtoto, isipokuwa pale kunapomdhuru.

Kwa hiyo amri ya malezi si hati ya kiwanja. Mtoto aliyekuwa ananyonya siku ya talaka sasa yuko shule ya msingi. Mzazi aliyekaa Panda, hapo Likasi, amehamia Lubumbashi. Hali ikibadilika hivyo, hakimu aombwe aitazame amri upya. Kinachoniuma ni wazazi wanaoibadilisha wenyewe: likizo inakwisha, baba harudishi mtoto, au pesa ya matunzo haikufika, mama anamficha. Matunzo yadaiwe mahakamani. Mtoto asishikwe rehani kwa deni la mzazi.

Amri nayo iwe ya kutekelezeka. Kumpa baba wa Kolwezi kila Jumapili ni kumnyima. Afadhali Julai na Agosti, kabla masomo hayajaanza Septemba, pamoja na simu katika jioni zinazojulikana. Iandikwe pia nani analipa nauli na mtoto anakabidhiwa wapi.

Mahakimu, nawaomba muandike siku, saa na mahali. Nanyi wazazi, rudini mahakamani kabla ya kumpandisha mtoto gari.