Mpira wa Mkojo: Usivutwe, Usikatwe



Kuna wagonjwa wanaoruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa na mpira wa mkojo, ambao hospitalini huitwa katheta. Huyu ni mzee mwenye shida ya tezi dume, yule ameumia uti wa mgongo, mwingine ametoka kupasuliwa. Kumtunza mgonjwa huyo kunawezekana, mradi familia ifahamu jambo moja: mpira huo hauvutwi.

Sababu imo ndani ya mpira wenyewe. Una njia mbili. Njia pana hupitisha mkojo kutoka kwenye kibofu hadi kwenye mfuko. Njia nyembamba huishia kwenye puto dogo lililo karibu na ncha. Muuguzi akishauingiza mpira na kuona mkojo unatoka, hulijaza puto kwa maji yasiyo na viini, kwa kawaida mililita 10 kwa mtu mzima. Puto likijaa hukaa kwenye mlango wa kibofu na kuzuia mpira usichomoke. Mpira wa aina hii huitwa Foley, jina la daktari Mmarekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza katika miaka ya 1930.

Mpira ukivutwa kwa nguvu, puto lililojaa hupita kwenye njia ya mkojo na kuichana. Damu hutoka, na baadaye kovu linaweza kuziba njia hiyo. Kuukata kwa wembe au makasi pia ni hatari, kwa kuwa kipande chenye puto kinaweza kubaki ndani. Muuguzi hufyonza kwanza maji yote ya puto kwa bomba la sindano, ndipo huutoa mpira polepole.

Nyumbani, mlezi azingatie haya:

- Anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.
- Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi nyuma, lakini usiguse sakafu.
- Mkojo umwagwe mfuko unapofika theluthi mbili.
- Mpira ushikizwe pajani, usivutike wala kukunjika.
- Mahali mpira unapoingilia paoshwe kila siku kwa maji na sabuni.
- Mgonjwa anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amempimia kiasi. Ale pia mboga na matunda, maana choo kigumu hukandamiza mpira.

Mkojo ukiacha kutoka na tumbo la chini likauma, homa ikipanda kwa kutetemeka, damu ikitoka kwa wingi, au mzee akichanganyikiwa ghafla, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asingoje siku ya kliniki.

La mwisho ni tarehe. Kadiri mpira unavyokaa, ndivyo hatari ya maambukizi inavyoongezeka. Mpira wa lateksi wa kawaida hubadilishwa ndani ya wiki 4 hivi, na ule wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12. Kabla ya kuondoka hospitalini, familia iulize: mpira umewekwa kwa sababu gani, umewekwa lini, na utatolewa au kubadilishwa lini? Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kliniki. Na sababu ikiisha, mgonjwa ana haki ya kuuliza kama bado anauhitaji.