Somo la Redio: Makao ya Wanyama Kando ya Kinamasi cha Mto Mara

Leo kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu, maana somo letu ni la kutazama na kuandika.

Nasema nanyi nikiwa Mwitongo, Butiama, penye majabali, mahali alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, mjini Arusha, Mwalimu alitamka ya kuwa wanyama wa porini, pamoja na mahali wanapoishi, ni amana tunayowawekea watoto na wajukuu wetu. Wengi hukumbuka wanyama, wakasahau mahali. Leo tutasema habari za mahali.

Kaskazini ya vilima hivi upo Mto Mara. Mto huu unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, na baada ya safari ya karibu kilomita 400 unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kabla ya kufika ziwani maji hupunguza mwendo na kutanda. Hapo pameota mafunjo mengi sana. Mtu akipita daraja la Kirumi, katika barabara ya Musoma na Tarime, huyaona. Wataalamu huita mahali kama hapo ardhi oevu, yaani nchi inayokaa na maji mwaka mzima au sehemu ya mwaka.

Mpita njia husema, "Hapa hapana kitu, ni majani tu." Je, ni kweli? Mafunjo hupunguza nguvu ya maji, tope likatuama. Samaki wadogo hujificha kati ya mizizi wasiliwe na wakubwa. Kambare na kamongo huishi humo. Yuko pia ndege mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, ambaye makao yake ni mafunjo hasa. Mafunjo yakiisha, ndege huyo hana nyumba nyingine ya kuhamia.

Sasa, mwalimu wa darasa, andika ubaoni maneno haya manne: CHAKULA, MAJI, MAFICHO, MAZALIO. Darasa lisome kwa sauti.

Ukitaka kujua kama mahali ni makao mema ya wanyama, usihesabu wanyama kwanza. Mnyama anaweza kuwa mpita njia tu. Uliza maswali manne. Kipo chakula? Maji yapo hata wakati wa kiangazi? Pako mahali pa kujificha? Pako mahali pa kuzalia, kama viota, mashimo, au mayai ya samaki penye maji matulivu? Jibu moja likiwa "hapana", wanyama watapungua, hata kama mengine yote yapo.

Kazi hii yafanyika hivi. Nendeni watu watatu au wanne, asubuhi jua likiisha kuchomoza na njia ikionekana vema. Msiingie ndani ya mafunjo, maana mna viboko na mamba. Kiboko akiwa nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Watu wengi wamekufa kwa kosa hilo. Tembeeni ukingoni hatua 100, kisha simameni kimya. Sikilizeni ndege. Tazameni nyayo, kinyesi, na majani yaliyoliwa. Nyayo za nzohe, yaani swala wa vinamasini, ni ndefu na zimetanuka, kwa sababu hukanyaga tope laini. Tazameni pia dalili za watu: moto, mashina yaliyokatwa, mitaro, na njia za ng'ombe.

Kisha andikeni papo hapo, kwa mfano hivi:

"Jumatatu, asubuhi. Chini ya mti wa mkuyu. Maji yafika magotini, rangi ya udongo. Mafunjo mabichi, upande mmoja yamechomwa. Yangeyange sita. Nyayo za kiboko. Ng'ombe wanakunywa hapa."

Maneno ni machache, lakini yatosha. Rudini mahali pale pale kila mwezi, masika na kiangazi, mpate kulinganisha.

Kwa nini tuandike? Mwezi wa Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara upande wa Kirumi yaligeuka meusi, na samaki wengi wakafa. Serikali iliunda kamati. Kamati ilieleza ya kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na majani yaliyooza, ndivyo vilivyoharibu maji. Wako watu ambao hawakuridhika na maelezo hayo. Sasa fikirini, ndugu zangu: watu wakibishana, maneno ya nani yana uzito? Mwenye kusema, "Zamani maji hayakuwa hivi," hujibiwa, "Zamani ipi?" Lakini mwenye daftari hufungua ukurasa akaonyesha tarehe. Hiyo ndiyo faida ya kujua kuandika.

Jambo la mwisho ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni karibu hatua 80 za mtu mzima. Najua shamba la ukingoni lina rutuba, na mtu mwenye watoto hawezi kula sheria. Kwa hiyo msiende kumshtaki jirani. Pelekeni daftari lenu katika mkutano wa kijiji, msome mbele ya watu, kisha mshauriane wapi palimwe, wapi ng'ombe wanywe, na wapi paachwe.

KAZI YA DARASA
1. Taja mambo manne ambayo mnyama huyahitaji mahali anapoishi.
2. Kwa nini tunarudi mahali pale pale kila mwezi?
3. Zungumzeni: mafunjo yote yakichomwa, nani atapata faida, na kwa misimu mingapi? Nani atapata hasara?
4. Andika sentensi tano juu ya kijito au kinamasi kilicho karibu na kwenu.

Kwaherini, na kalamu zisikauke.