Mtoto Anaimba, Lakini Je, Anasoma?

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wa madarasa ya chini na watumishi wa ofisi za elimu.



Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kuandika habari, na mwandishi anayesimama mbele ya walimu kuwaeleza habari za darasa hana budi kwanza kueleza amezipata wapi. Kabla ya kuja hapa niliomba ruhusa katika shule moja ya msingi, nikakaa asubuhi tatu mfululizo katika darasa la kwanza, kwenye dawati la nyuma, pamoja na watoto. Hayo niliyoyaona ndiyo nitakayoyasema.

Darasa lile lilikuwa na watoto 93 na mwalimu mmoja. Siku ilianza kama inavyoanza katika shule zetu zote: mstarini, Wimbo wa Taifa, ukaguzi wa kucha na nguo, kisha ndani. Mwalimu alipoingia watoto walisimama wakamwamkia kwa sauti moja, naye akawaitikia marahaba. Akaita mahudhurio, kazi ambayo kwa majina 93 si ndogo. Kisha akaandika ubaoni sentensi nne fupi juu ya mama na kuku wake. Alisoma yeye, wakamfuatisha wao. Alisoma tena, wakamfuatisha tena. Baada ya dakika kumi darasa zima lilikuwa likisoma kwa sauti ya kupendeza, na mpita njia yeyote angesema kwamba hapa kazi inafanyika.

Wakati wa mapumziko nilimwita mtoto mmoja, mchangamfu, aliyekuwa ameongoza wenzake mara mbili kwa kijiti mkononi. Nikamwonyesha neno moja katikati ya sentensi ya tatu, nikamwuliza: hili ni neno gani? Alinyamaza. Kisha akaanza sentensi ya kwanza kutoka mwanzo, akaimba yote, akaingia ya pili, akaimaliza, akaingia ya tatu, na alipofika mahali pa kidole changu akasema kwa furaha: "Kuku!" Nikafuta ubao, nikaandika neno hilo hilo peke yake. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema: "Mama."

Ndugu walimu, mtoto huyo si mjinga. Kushika sentensi nne kwa kuzisikia tu ni kazi ya akili nzuri. Lakini alikuwa hajasoma. Alikuwa ameimba. Na sisi sote, mwalimu, mwalimu mkuu, mzazi na mimi mwandishi, tungemsikia tungeridhika.

Jambo hili lanisikitisha zaidi kwa sababu lugha yetu imetufanyia hisani kubwa. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akiisha kujua kuunga sauti ya konsonanti na irabu, akajua ba, be, bi, bo, bu, anao ufunguo wa kufungulia maneno ambayo hajapata kuyaona. Ziko ngazi za kupanda polepole, kama vile sh, ch, dh, gh, na tofauti ya ng'ombe na ngoma. Lakini ni ngazi chache, na zinahesabika. Watoto wa mataifa mengine hupoteza muda mwingi wakijifunza maneno yaandikwayo hivi na kutamkwa vile. Mtoto wetu hana mzigo huo. Basi akimaliza miaka miwili bila kusoma, tusiisingizie lugha.

Hata hivyo lugha hiyo hiyo yatudai jambo moja. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na watoto wengi wa vijijini huingia shuleni wakiwa na lugha ya nyumbani, Kiswahili wakikijua kidogo au wasikijue. Mtoto wa namna hiyo aweza kuunga sauti za neno vizuri, na bado asipate maana, kwa kuwa neno lenyewe hajapata kulisikia. Kwa hiyo mazungumzo si kupoteza wakati. Mwalimu anayewapa watoto hadithi, akawauliza wameona nini njiani, wamekula nini, mbuzi wa kwao ana rangi gani, anaweka akiba ya maneno ambayo kusoma kutaitumia kesho.

Niseme sasa juu ya hesabu. Siku ya pili mwalimu aliwataka watoto waandike kumi na tano. Nilipita katikati ya madawati, nikaona daftari baada ya daftari imeandikwa 105. Wako watakaocheka. Mimi sikucheka, maana mtoto ameandika sawasawa alivyosikia: kumi, halafu tano. Hakumkaidi mwalimu, ameifuata lugha. Alichokosa ni kuona kwamba ile moja ya kushoto ndiyo fungu zima la kumi.

Na hapo nilimwona mwalimu yule akifanya kazi ya ualimu hasa. Hakupiga mtu wala hakufoka. Alitoa mfuko wa vijiti, akawaambia wahesabu kumi, wavifunge kwa kamba ya mgomba. Fungu moja. Kisha vijiti vitano pembeni. "Mafungu mangapi?" Moja. "Vilivyobaki vingapi?" Vitano. Akaandika 1 chini ya fungu, na 5 chini ya vijiti. Kazi hiyo ilichukua kipindi kizima cha nusu saa, na haikumgharimu mtu senti moja. Vizibo vya soda vingefaa, punje za mahindi zingefaa. Tusiseme tumekosa vifaa hali vifaa vimelala uwanjani.

Katika kuandika niliona yale yale ya kusoma. Madaftari mengi yalikuwa safi, mistari imenyooka, na kila daftari lilikuwa na sentensi zile nne. Mwalimu aliponiruhusu, niliwasomea watoto kumi maneno matatu mepesi wayaandike bila kutazama ubao. Wawili tu waliweza. Wanane waliobaki walikuwa na mkono mzuri wa kunakili. Walichora herufi kama mtu achoravyo ua. Imla ya maneno matatu kila siku, dakika tano tu, ingetuonyesha mapema nani anaandika na nani anachora.

Ndugu zangu, tusisahau tulikotoka. Mwaka 1967 ilipotolewa Elimu ya Kujitegemea, shule ya msingi ilielekezwa iwe elimu iliyokamilika yenyewe, wala isiwe njia tu ya kuwachuja wachache kwenda sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasogeza mbele lengo la elimu ya msingi kwa wote, kutoka mwaka 1989 hadi mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kazi vijijini wakashika chaki, kwa sababu walimu hawakutosha. Baadaye tulirudi nyuma, ada ikarudi, madawati yakapungua. Mimi mwenyewe nilipoanza shule miaka ya 1990 tulikaa sakafuni. Kisha ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaondolewa pia michango ya lazima. Darasa la kwanza likafurika.

Hayo ni mafanikio, na asiyeyaona amefumba macho. Lakini vita ya kumwingiza mtoto darasani ni moja, na vita ya kumfundisha akiwa humo ni nyingine. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza kufanywa nchini mwaka 2010, ulionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 ikadhihirika kwamba wapo waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hali hawajui kusoma wala kuandika. Mtihani wa kuchagua jibu uliwapitisha, kalamu ilibahatisha. Taifa lilishtuka, na mtaala wa madarasa ya kwanza na ya pili uliotoka mwaka 2015 ukaweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele ya yote. Mtaala ulikuwa dawa nzuri. Lakini dawa hunywewa na mgonjwa. Ikibaki kabatini haimponyi mtu.

Sasa naomba niwageukie wenzetu wa ofisini, nami nikiwa mmoja wa watakaolaumiwa.

Kwanza, nani hupewa darasa la kwanza? Katika shule nyingi nilizopita kwa kazi yangu, mwalimu hodari huwekwa darasa la saba, kwa kuwa huko kuna mtihani na jina la shule. Darasa la kwanza hupewa mgeni aliyeripoti juzi, au mchovu anayengoja kustaafu, au aliyekosana na mkubwa wake. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Sisi tunaungoja ukauke, kisha tunamtafuta fundi.

Pili, siku ile ya pili, saa nne na nusu, mwalimu wa vijiti aliitwa ofisini. Ilitakiwa orodha fulani ya haraka ipelekwe kwenye kata. Alirudi baada ya saa moja na nusu. Watoto 93 waliachiwa kiranja na kazi ya kunakili ubao. Aliyeitaka orodha ile hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa ametakiwa na mwingine. Lakini kila karatasi ya haraka tunayoituma kutoka wilayani hulipwa na mtu fulani, na mara nyingi anayeilipa ana umri wa miaka sita.

Tatu, tunauliza nini tunapofika shuleni? Tunauliza azimio la kazi, andalio la somo, idadi ya vyoo, asilimia ya mahudhurio. Yote hayo ni ya lazima. Nami nakiri: nimeandika habari nyingi za kufunguliwa kwa madarasa. Nimehesabu vyumba, nimehesabu madawati, nimetaja mgeni rasmi. Sikupata hata siku moja kumwomba mtoto anisomee mstari mmoja. Nimeandika juu ya nyumba, sikuandika juu ya waliomo.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu la haki. Kiwango kinachokubalika ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Huyu anao 93. Wengine wamekuja bila kula. Mwalimu mwenyewe amepanga chumba mbali na shule. Sitasema kwamba bidii peke yake yatosha. Walimu waongezwe, vyumba vijengwe, uji upikwe. Hayo ni madeni ya Serikali na ya wazazi, na yalipwe. Lakini mtoto wa mwaka huu hangoji. Mwakani atakuwa darasa la pili.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja, dogo, lisilohitaji bajeti. Mwalimu amsikilize mtoto mmoja mmoja akisoma, watoto watano kila siku, wenzao wakiwa katika kazi ya kuandika. Kwa watoto 93 hizo ni siku 19: kila mtoto atasikilizwa karibu mara moja kwa mwezi. Na mwalimu mkuu naye amsikilize mtoto mmoja wa darasa la kwanza kila siku, ofisini kwake, kwa neno lisilokuwamo ubaoni. Mwaka wa shule una siku 194. Kila mtoto atakuwa amesikilizwa na mkuu wake mara mbili. Na mtumishi yeyote wa elimu anayefika shuleni, kabla ya kutia sahihi katika kitabu cha wageni, asikilize watoto wawili. Fimbo isiwepo mahali hapo. Mtoto aogopaye kukosea hunyamaza, na aliyenyamaza hatujui amekwama wapi.

Ndugu Mwenyekiti, siku ya tatu nilimweleza mwalimu habari za mtoto wangu wa "kuku". Hakukasirika. Aliandika silabi kwenye vipande vya boksi, akamwita, akamwekea viwili mezani: ku, na ku. Mtoto alitazama muda mrefu. Akatamka cha kwanza, akatamka cha pili, akavisogeza vikagusana. Akasema polepole, kama aliyeokota kitu: "Kuku." Halafu hakungoja kusifiwa. Alitazama huku na huku, akaona boksi la chaki, akaweka kidole kwenye maandishi yake, akauliza: "Na hapa pameandikwa nini?"

Swali hilo ndilo shule. Kazi yetu, walimu darasani na sisi wengine nje yake, ni kuhakikisha kwamba kila mtoto analifikia, na kwamba akiuliza, mwalimu wake yumo darasani kumjibu, hajatumwa kupeleka orodha.