Mashine Kuukuu Si Takataka



Nimeombwa nizungumze habari ya mashine yetu ya kufunga marobota ya nyasi, ile inayoota kutu nyuma ya ghala. Wako wenzetu wasemao iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nasema, tusiharakishe.

Ukame wa mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 uliua maelfu ya ng'ombe huko Simanjiro. Masika huotesha nyasi tele, nazo huungua moto au hunyauka bure. Kisha kiangazi kikifika twalia. Akiba haiozi, lakini nyasi zilizotawanyika si akiba.

Basi tuitazame mashine yenyewe. Kwanza, tuisafishe, tutoe viota vya panya, tutie grisi kila inapotakiwa. Pili, trekta ikiwa imezimwa, tulizungushe gurudumu zito kwa mkono, polepole. Tuangalie sindano za kamba: zinapopanda hupita katika mifereji ya bamba la kushindilia. Zikikosana nalo kwa wakati, bamba huzivunja. Tatu, visu vya kukata nyasi vinolewe, vikaribiane bila kugusana.

Nne, mtambo wa kupiga fundo. Asili yake ni kazi ya John Appleby wa Wisconsin, Marekani, mwaka 1878, kwa ajili ya kufunga miganda ya ngano. Watu huuogopa, lakini mara nyingi ugonjwa wake ni kutu au kisu butu cha kamba. Msasa laini na subira hutosha.

Na kamba yetu iwe ya katani. Mmea huo uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na singa zake zilifunga mavuno ya Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Kamba ya plastiki ng'ombe akiimeza humdhuru.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana. Shafti ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Haimpi mtu nafasi ya kuvuta mkono wala shati. Nyasi zikikwama, zima injini kwanza. Shafti isiyo na kifuniko isitumike. Na ile bolti laini ikikatika, imeiokoa mashine. Weka ya aina ileile, wala usiweke ngumu zaidi.

Tena, msifunge nyasi mbichi. Robota bichi hupata joto ndani, huota ukungu, na laweza kuwaka na kuteketeza ghala zima.

Shauri langu ni hili: tuchague vijana wawili wafanye kazi pamoja na fundi, tuchange fedha za grisi, visu na kamba, na tuijaribu kabla ya nyasi kukomaa. Tukishindwa, wanunuzi wa chuma watakuwapo bado. Lakini tukiiuza leo, kiangazi hakitatusubiri tununue nyingine.